Somo la Biashara: Lebo za RFID, za Kurudia au za Kutupa?

Mwenye duka la kanga pale Biashara Street, mkodishaji wa vyombo vya harusi Mji wa Kale na msafirishaji wa makontena Kilindini wana swali moja linalofanana: mali yangu iko wapi saa hii? Daftari hujibu swali hilo kwa kiasi. Lebo za RFID hulijibu kwa haraka zaidi, lakini ukinunua aina isiyofaa utapoteza pesa hata kabla mali haijapotea. Somo la toleo hili linaeleza namna ya kuchagua kati ya lebo ya kutumika tena na tena na ile ya kutumika mara moja.

RFID ni nini?

RFID ni utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio. Lebo ina sehemu kuu mbili: chipu ndogo yenye namba, na antena. Lebo nyingi za kibiashara hazina betri. Kifaa cha kusomea hutuma mawimbi, lebo hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo, kisha hurudisha namba yake. Tofauti na ile mistari myeusi inayochapishwa kwenye pakiti, lebo hii haihitaji kuonekana. Kifaa kimoja chaweza kusoma lebo nyingi kwa pamoja zikiwa ndani ya katoni.

Lebo ya kutupa huwa nyembamba, ya karatasi au plastiki laini, yenye gundi nyuma. Bei yake ni ya chini. Lebo ya kurudia hufungwa ndani ya plastiki ngumu, mpira au kitambaa maalumu, na bei yake huwa mara nyingi zaidi. Zile za dobi, kwa mfano, kwa kawaida hutengenezwa kustahimili mafuo 200 hivi.

Funzo kutoka bandarini

Mfano mzuri tunao hapa hapa Mombasa. Mizigo ya nchi jirani inayopitia bandari yetu hufungwa sili za kielektroniki chini ya mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda ulioanza 2017. Kwa upande wetu unasimamiwa na Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Sili hizo hutumia setilaiti na mtandao wa simu, hivyo ni kubwa na ghali kuliko lebo ya dukani, lakini hesabu yake ni ile ile. Afisa huiwasha mzigo unapoanza safari, na hufunguliwa unapofika. Kisha lazima irudishwe ili itumike kwa lori jingine.

Hapo ndipo kuna funzo. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Sili ikikawia huko, haina faida kwa lori linalosubiri huku. Kwa hiyo kifaa cha kurudia kina gharama mbili: ya kukinunua na ya kukirudisha.

Linganisha na sili ya kawaida ya chuma inayofungwa kwenye mlango wa kontena. Ina namba yake, hukatwa mara moja tu kontena linapofunguliwa, na kazi yake imekwisha. Hakuna anayeisubiri irudi. Vyote viwili vina mahali pake katika bandari moja.

Tupige hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano, weka zako. Tuseme lebo ya karatasi ni Sh20 na lebo ngumu ni Sh250. Ukigawanya 250 kwa 20 unapata 12.5. Maana yake, lebo ngumu lazima ifanye safari 13 ndipo iwe nafuu kuliko ya karatasi.

Mkodishaji wa viti vya harusi ana viti 300, na kila kimoja hutoka mara 40 kwa mwaka. Hizo ni safari 12,000. Viti huoshwa na kusuguana ndani ya gari, kwa hiyo tuseme lebo ya karatasi itabandikwa upya kila safari. Gharama ni Sh240,000. Akinunua lebo ngumu 300 atalipa Sh75,000. Hata zikiharibika 30 katika mwaka huo, ataongeza Sh7,500 tu. Kila safari itamgharimu kama Sh7.

Sasa chukua muuza viungo anayetuma katoni 5,000 kwa mwaka kwa wateja wa bara. Katoni hazirudi. Lebo za karatasi zitamgharimu Sh100,000. Lebo ngumu Sh1,250,000, zote zikiondoka na mzigo. Kwake yeye, ya kutupa ndiyo ya busara.

Hatari iko katikati: vitu vinavyorudi, lakini si vyote. Mfano ni kreti za kupelekea bidhaa kwa wateja. Ikiwa lebo 1 kati ya 10 hupotea kila safari, basi kwa wastani kila lebo hufanya safari 10 tu, na kila safari ni Sh25. Tayari ni ghali kuliko ya karatasi. Ndiyo maana mtungi wa gesi na chupa ya soda ya kioo huwa na utaratibu wa kurudisha: huachi cha zamani, unalipia. Bila utaratibu kama huo, usinunue lebo ya kurudia.

Wenye maduka ya nguo wana njia ya tatu. Lebo ngumu huvuliwa na keshia mteja akishalipa. Nguo inaondoka, lebo inabaki dukani na kutumika siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

1. Je, kitu hiki hurudi mikononi mwangu? Mara ngapi kwa mwaka, na vingapi hupotea?

2. Kitakaa wapi? Masufuria na masinia ni chuma, na chuma huvuruga mawimbi. Kuna lebo maalumu za kubandikwa juu yake. Samaki na vinywaji vina maji, ambayo hufyonza mawimbi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu pia huchosha gundi.

3. Nani atavua, kusafisha na kusajili upya lebo inayorudi? Lebo ikitumwa tena ikiwa na kumbukumbu ya mzigo wa jana, mfumo utakupa jibu lisilo kweli.

4. Ndani ya lebo nitaandika nini? Weka namba pekee, na jina la mteja libaki katika mfumo wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uhifadhi kwa usalama taarifa za watu.

5. Kifaa cha kusomea kimeidhinishwa? Ni chombo cha redio, hivyo muombe muuzaji uthibitisho wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

6. Taka zitaenda wapi? Lebo ya kutupa si karatasi tupu. Ina chipu na antena ya madini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka kutenganisha taka zetu, basi usizichanganye na karatasi safi.

Anza kidogo

Bidhaa zako zikiwa chache na zote ziko mbele ya macho, daftari au mistari ya kuchapisha yatosha. Ukiona RFID itakufaa, nunua lebo 20 za kila aina na uzijaribu kwa mwezi mmoja kwenye bidhaa zako mwenyewe. Andika ngapi zilitoka, ngapi zilirudi na ngapi zilisomeka. Hesabu hiyo ya mwezi mmoja itakuambia uchague ipi, na itakusaidia pia unapokubaliana bei na muuzaji.