Kabla ya Kumpa Mpasuaji Wajihi Wako

Mtu wa Maua kule Meru au wa Runyenjes kule Embu akiona katika simu yake tangazo la kliniki ya meno inayoahidi kuchonga taya, kutia vishimo mashavuni na kuinua pua, aghalabu hutosheka kwa kuwa jina la mwenye kliniki limetanguliwa na "Daktari", ilhali sheria ya Kenya haitosheki na hilo hata kidogo.

Yafaa ijulikane kwamba wanaotibu kinywa si wa daraja moja. Yuko afisa wa afya ya kinywa ya jamii, ambaye kazi zake zina mipaka. Yuko daktari wa meno, aliyesoma miaka 5 ya shahada ya kwanza na kutumikia mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi. Kisha yuko mpasuaji wa kinywa, taya na uso, ambaye fauka ya hayo alirejea chuoni, mathalan Chuo Kikuu cha Nairobi, akachukua shahada ya uzamili katika fani hiyo. Huyu wa mwisho ndiye aungaye taya la kijana aliyeanguka na bodaboda, na ustadi huohuo wa mfupa waweza kutumika kwa urembo. Lakini je, ajuaye kuunga taya ajua pia kukaza ngozi ya shingo au kunyonya mafuta tumboni? Si lazima, na la tumbo halimhusu kabisa. Upasuaji wa kurekebisha maumbile una mabingwa wake, waliosomea udaktari wa tiba na kisha upasuaji huo.

Msimamizi wa wote hao ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililo chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Jina la daktari, fani aliyotambuliwa nayo na leseni yake, ambayo huhuishwa kila mwaka, hutafutwa katika tovuti ya Baraza. Kliniki nayo sharti iwe na leseni yake. Mwaka 2024 Baraza lilifunga kliniki moja ya urembo jijini Nairobi baada ya mteja aliyepasuliwa humo kufariki.

Kumchunguza daktari hivyo ni haki yako ya kwanza; ya pili ni idhini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka uelezwe hali yako, njia zilizopo, manufaa, hatari na gharama, tena, inapowezekana, kwa lugha uifahamuyo. Basi ajuaye Kimeru au Kiembu peke yake ana haki ya kuelezwa kwa lugha hiyo kadiri iwezekanavyo. Karatasi ya Kiingereza iliyosukumwa mbele yako ilhali umekwisha kulazwa na sindano ya ganzi i tayari, kwangu mimi hiyo si idhini bali ni sahihi tu. Na hata ukiwa umetia sahihi, waweza kughairi.

Ukidhurika, omba nakala ya kumbukumbu za matibabu yako, hifadhi stakabadhi na picha za kabla na baada, kisha andika malalamiko kwa Baraza, lenye mamlaka ya kumwadhibu daktari. Fidia waweza kuidai mahakamani, na mahakama ziko Meru na Embu. Ila madai ya madhara ya mwili hukoma baada ya miaka 3, na yale dhidi ya serikali baada ya miezi 12, kwa hiyo aliyepasuliwa katika hospitali ya umma na amwone wakili mapema, asingoje kovu likauke.