Kuongeza Nguvu, Kuanzia Wapi?

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja, -ongeza, na hasara niliyoisababisha kwa kukiandika vibaya.

Nilikwenda Bafwasende kukusanya msamiati wa mafundi wa magari. Mji huo uko kando ya mto Lindi, kwenye barabara ya taifa namba 4, zaidi ya kilomita 250 kutoka Kisangani. Mvua zikishika, malori huzama topeni hadi ekseli. Kwa hiyo neno "nguvu" lina bei huko.

Garajini kulikuwa na Mercedes kuukuu yenye injini ya OM 352: dizeli ya silinda sita, kipenyo milimita 97, mwendo wa pistoni milimita 128. Mwenye lori alitaka mapatano ya maandishi. Fundi akasema, "Nitaongeza motere hii nguvu." Mimi, msomi wa lugha, nikaona nisafishe sentensi: "Fundi ataongeza nguvu ya injini ya Mercedes OM 352." Wote wawili wakatia sahihi.

Injini ikashushwa. Majina ya vipuri yalitoka Kifaransa karibu yote, na wingi wake ulichukua ma-: masegma kwa pete za pistoni, masupape kwa valvu, hata pale ambapo Kiswahili sanifu kisingeweka kiambishi. (Hayo ndiyo yaliyonipeleka, lakini yatasubiri makala nyingine.)

Silinda zilikuwa zimelika, zikapelekwa Kisangani kuchongwa nusu milimita na kutafutiwa pistoni kubwa zaidi. Mwenye lori aliposikia "pistoni kubwa" alifurahi sana. Tupige hesabu: kipenyo kikitoka milimita 97 hadi 97.5, ujazo wa injini unatoka sentimita za ujazo 5,675 hadi 5,734. Ni asilimia moja tu. Faida iko kwingine. Dizeli haiwashwi kwa cheche; mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Pete zikichakaa, hewa huvuja kando ya pistoni, mbano hupungua na nguvu hupotea. Pete mpya na valvu zilizosagwa upya huirudisha. Kuizidisha kuliko ilivyotoka kiwandani kungehitaji turbo, kama ile ya OM 352 A. Kuongeza mazutu kwenye pampu bila kuongeza hewa huleta moshi mweusi na joto.

Lori likapakiwa, likaenda, likarudi. Mwenye lori akakataa kulipa salio.

"Nguvu ni ileile ya magari mengine ya aina hii, fundi. Umerudisha tu."

"Papa, ilikuya imekufa. Sasa inapanda mulima. Sikuongeza?"

Hakuna aliyekosea Kiswahili. Kitenzi -rudisha hubeba ndani yake hali iliyokuwapo zamani. Kitenzi -ongeza hudai mahali pa kuanzia, lakini hakipataji. Ukisema "niongezee chai", tunaanzia kikombe kilipofikia sasa. Nyongeza ya mshahara huanzia mshahara wa leo. Kwa matumizi hayo fundi alikuwa na haki, na neno "hii" lilimlinda: motere hii, iliyo juu ya magogo mbele yetu, pamoja na ugonjwa wake. Mimi nililifuta neno hilo na kuweka jina la aina. OM 352 si motere yenye ugonjwa. Ni kila injini ya jina hilo, kama kiwanda kilivyoitengeneza. Mahali pa kuanzia pakahama, na mwenye lori alisoma sawasawa na nilivyoandika.

Bado nadhani kitenzi chenyewe hakina kosa, ingawa mwalimu wangu angependa tukilaumu.

Nilikuwa nimerekodi mazungumzo ya siku ya kwanza. Nikawawekea wasikilize. Mwenye lori aliomba sehemu yenye "motere hii" irudiwe mara mbili, akanitazama mimi, si fundi. Alilipa nusu ya salio. Nusu ya pili niliitoa kwenye posho yangu ya utafiti.