Wageni Wajao Kutujengea Nyumba

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama habari za watu watokao nchi za mbali, kwa nauli yao wenyewe, waje kuwajengea nyumba maskini wasiowajua. Wengine kati yetu huuliza: Je, hii ni kazi ya upendo, au ni matembezi ya matajiri tu?

Asili ya kazi hii i karibu nasi kuliko watu wadhanivyo. Millard Fuller, mwanasheria wa Marekani, alipata mali nyingi kabla ya kutimiza miaka 30. Mwaka 1965 yeye na mkewe Linda waliazimu kuiacha mali hiyo, na mwaka 1968 wakaenda kukaa Koinonia, shamba la jamaa ya Wakristo katika Georgia, ambako walianza kuwajengea majirani wao maskini. Mwaka 1973 wakaja Mbandaka katika Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Kiwanja walichojenga kilikuwa pale palipowatenga Wazungu na Waafrika siku za Wabelgiji. Wenyeji walipaita Bokotola, maana yake mtu asiyewajali wenzake. Baadaye mtaa ule ukapewa jina jipya, Losanganya, yaani waliopatanishwa. Waliporudi kwao mwaka 1976 wakaanzisha chama cha Habitat for Humanity, ambacho kilianza kazi Tanzania mwaka 1986.

Basi, angalieni kanuni yake ya mwanzo, kwa maana wengi hukosea hapa. Nyumba ile haikuwa sadaka. Mwenyewe alitoa jasho lake katika kujenga, kisha alilipa gharama kidogo kidogo pasipo faida kwa mkopeshaji wala riba, kama Torati ilivyoagiza katika Kutoka 22:25. Na fedha ile ilijenga nyumba ya mwingine. Mgeni huja kwa siku chache tu, naye mara nyingi si fundi. Huchukua matofali, huchanganya udongo na saruji, hutii neno la fundi mwenyeji.

Wako wasemao kwamba nauli ya mgeni mmoja ingetosha kununua mabati ya nyumba nzima. Neno hili lina kweli, nasi hatulipingi. Lakini mtu aliyekwisha kubeba maji mlimani pamoja na mama mwenye nyumba hawezi tena kumwita mvivu, na hili halinunuliwi dukani.

Sisi wa Morogoro tunayo sababu ya kuuliza zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa njema, lakini udongo mzuri ulifukiwa chini na ule usio na rutuba ukaletwa juu. Watu wakachoka, hata mwaka 1955 pakatokea fujo na kazi ile ikaachwa. Nehemia hakufanya hivyo. Alitoka Shushani, mbali sana, akakaa Yerusalemu siku tatu, akazunguka kuta usiku kabla ya kumwambia mtu shauri lake. Kisha wengi walijenga mkabala wa nyumba zao wenyewe (Nehemia 2 na 3).

Tena kuna jambo la ardhi. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata mama, na shamba ni la ukoo. Mume aliyehamia kwa mkewe hukaa katika ardhi isiyo yake. Zamani, mke akifa, aliweza kuondoka na kuiacha nyumba ya miti na udongo pasipo hasara kubwa. Nyumba ya matofali na mabati, tena yenye deni, haiachwi hivyo. Je, ni nani atakayelipa, na watoto watakaa kwa nani? Mgeni mwenye mwiko mkononi hawezi kulijua jambo hili asipoambiwa. Katekista hulijua, na wazee wa ukoo hulijua. Nao yafaa waitwe kabla ya barua ya kuwakaribisha wageni kuandikwa, wakati kiwanja bado ni majani.