Datsun Nyekundu ya Mukendo: Mafunzo Niliyopata

Mukendo ni barabara ya Probox, Noah, IST na bodaboda. Kwa hiyo ilipoegeshwa pale Datsun 240Z nyekundu, boneti ndefu, milango miwili, paa limeteremka moja kwa moja hadi mkiani, vijana wa maduka ya simu walitoka nje na kuanza kujipiga picha nayo. Ilikuwa na namba za Kenya. Mwenyewe ni mtu wa Kisumu mwenye jamaa zake hapa Musoma. Alisema ameifufua kuanzia chasisi na sasa anaiuza. Shemeji yangu, anayeuza nyavu na vifaa vya uvuvi, aliizunguka mara moja tu akapagawa. Mimi nimekulia gereji, na watu huniita niwakagulie gari kabla hawajatoa hela. Akanipigia simu.

1. Rangi itazamwe mwisho

Gari lililofufuliwa huuzwa kwa rangi, maana rangi ndiyo inayotoka vizuri kwenye picha. Muuzaji alikuwa na picha tele: gari likiwa bovu limejaa vumbi, halafu gari likimeremeta. Za katikati, bodi ikiwa imekwanguliwa na mabati yako wazi, hazikuwepo. Ndizo nilizozitaka.

Mimi hutembea na sumaku ndogo niliyoizungushia kitambaa cha fulana ili isikwaruze. Ikinasa, chini ya rangi kuna bati. Ikiteleza, kuna pati. Milangoni ilinasa vizuri. Upande wa kushoto, chini kabisa, pale kati ya mlango na tairi la nyuma, ikadondoka mkononi.

Magari haya yana sehemu zake za kuoza zinazojulikana: chini ya trei ya betri, sakafu ya miguuni, mihimili inayopita chini ya sakafu, shimo la tairi la akiba na ukingo wa mlango wa nyuma. Mabati ya Japani ya miaka ile hayakuwa na kinga ya maana dhidi ya kutu. Fundi wetu wa bodi alitandika boksi, akajilaza chini ya gari, akawa anagonga mhimili kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko, kisha pu. Pale kwenye pu palikuwa na bati jipya lililochomelewa juu ya lililooza, likafunikwa kwa lami nyeusi. Akatoka chini, akanawa mikono kwa petroli, hakusema neno hadi muuzaji alipoenda kupokea simu. Fundi anayetangaza kasoro mbele ya mwenye gari anakuharibia mazungumzo ya bei, hata kama anasema kweli.

Uliza pia gari limelala wapi miaka mingi. Upepo wa Ziwa ni wa maji baridi. Gari lililozeekea Mombasa au Dar limekula chumvi, na hapo mpini wa bisibisi utasema mengi zaidi.

2. Namba zisomwe kabla ya kusikiliza historia

Hapa sisemi zile namba za usajili tunazotambiana nazo mtaani, nani ana D na nani ana E. Nasema namba zilizogongwa kwenye chuma. 240Z ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kwa soko la nje ina namba ya chasisi inayoanza na HS30. Ukikuta HLS30, hilo lilizaliwa na usukani wa kushoto, kwa kawaida la Marekani, na mtu ameuhamisha. Namba hiyo imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na inarudiwa kwenye kibati ndani ya boneti. Injini nayo ina yake ubavuni mwa bloku, ikianza na L24: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393.

Ya kwetu ilikuwa HS30, sawasawa na kitabu cha gari cha Kenya. Injini ikasoma L28. Hiyo ni ndugu yake mkubwa wa sentimita za ujazo 2,753, aliyekuja na 280Z, na hukaa pale bila kulazimishwa. Wengi huibadilisha makusudi kwa ajili ya nguvu. Gari linakwenda vizuri, pengine zaidi. Lakini haliwezi kuuzwa kwa bei ya gari lenye injini yake ya kuzaliwa, na muuzaji alikuwa amelitangaza kuwa lina injini hiyo ya kuzaliwa.

3. Kila Datsun kuukuu ya Afrika Mashariki ilikimbia Safari

Ndivyo utakavyoambiwa. Hadithi hiyo ina mizizi ya kweli, ndiyo maana inauzika. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Datsun ikaja kuyatawala. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii na 240Z, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili na 240Z nyingine. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilihamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Alilingana alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun ya aina nyingine.

Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na Nissan wenyewe, watengenezaji wa Datsun, huko Japani. Mengine yalikimbia, ndiyo, na watu binafsi walishindana na magari yao. Ila aliyeshindana ana kitu mkononi: jina kwenye orodha ya washiriki, picha yenye namba ya mlangoni, risiti. Muuzaji wetu alikuwa na stika ya Safari tu. Nilimwambia kwa heshima, "Kaka, hii Safari tuiweke pembeni, tuongee gari." Alicheka, na bei ikashuka kidogo palepale.

4. Bei ya mnada wa Marekani ni ya mnada wa Marekani

Alitutolea simu: 240Z ya 1971 iliyouzwa Marekani Januari 2020 kwa dola 310,000. Ni kweli iliuzwa hivyo. Ile ilikuwa imetembea maili chache mno na kutunzwa miaka yote. Watu walinunua kule kutochakaa. Lililofufuliwa ni habari nyingine. Nissan wenyewe huko Marekani, katika miaka ya 1990, walinunua Z kuukuu, wakazifufua na kuziuza kupitia mawakala wao kwa karibu dola 25,000 kila moja. Gharama zikawashinda, mpango ukafungwa baada ya magari machache. Kama kiwanda kilishindwa kurudisha hela ya fundi na rangi, mnunuzi wa Musoma hana sababu ya kulipia kila risiti ya gereji ya Kisumu.

Shemeji hili lilimkera, kwa sababu alishaipenda ile gari na kwa namna fulani alitaka iwe ghali.

5. Mpakani Sirari

Gari la namba za Kenya lililoingia kwa kibali cha muda haliuzwi huku kama mbuzi wa mnadani. Kwanza lipite forodha, kisha lisajiliwe, ndipo lipate kadi. Tafuta wakala wa forodha kabla hujatoa hata hela ya kishika uchumba. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, chukua gari dogo kuukuu linaloagizwa Japani: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10% kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, uchakavu 30% kwa lililozidi miaka 10, halafu VAT 18% juu ya jumla hiyo. Ukizidisha utakuta kodi imelipita gari lenyewe.

Kenya nao hawaruhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Hiyo ina upande wake mzuri: Datsun ya namna hii iliyoko kule kwa kawaida ilifika zamani, na karatasi zake hufuatilika.

6. Mtafute fundi wa kabureta kwanza

Vijana wengi wa gereji siku hizi wanaanza na mashine: wanachomeka, inasoma, wanabadilisha sensa. 240Z haina pa kuchomeka. Ina kabureta mbili na platini, na kabureta hizo lazima zivute hewa kwa kiasi kimoja, la sivyo injini inatetemeka na kunywa mafuta.

Tulimpata mzee mmoja Nyasho aliyestaafu gereji ya serikali. Nilimwamkia, nikamweleza, akaja na kipande cha mpira kama cha kuvutia petroli. Aliwasha injini ikiwa baridi, akasubiri ipate moto, akatia ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akasikiliza mvumo. Akahamia ya nyuma. Akageuza skrubu robo, akasikiliza tena, akarudi ya mbele. Injini ikatulia hadi glasi ya maji niliyoiweka juu ya kifuniko ikawa haichezi. Muuzaji mwenyewe alishangaa. Alikuwa ameiendesha ikitetemeka tangu Kisumu.

Ndipo tukaitoa kwenda Bunda. Mlima wa Balili joto lilipanda kidogo likashuka, breki zilivuta kulia, giaboksi haikulia. Breki ni kazi ya siku moja. Ule mhimili ni kazi ya kukata na kuchomelea upya, na huo ndio tuliomwekea muuzaji sharti.

7. Dai boksi la vilivyotolewa

Shemeji alikubali kununua kwa masharti: mhimili ukatwe na kutengenezwa kwa hela ya muuzaji, forodha ikamilike, ndipo alipe. Nikaongeza moja. Anayefufua gari huondoa vitu: kabureta za zamani, rimu za chuma, saa ya dashibodi iliyokufa, vitasa, beji. Vitu hivyo havipatikani dukani Mwanza wala Nairobi, na wafufuaji wengi huvitupa kwenye vyuma chakavu au huviuza kimyakimya kwa wapenzi wa Z wa Uingereza na Australia. Nilimuuliza viko wapi. Akasita, akasema viko stoo Kisumu, pamoja na ile injini ya L24, imepasuka kichwa lakini bloku ni nzima na namba yake inasomeka. Tukaiandika kwenye mkataba kwa jina na namba, mstari wa kwanza, juu ya bei.