Baiskeli ya umeme ya wati 250: usiifungue kabla hujapiga hesabu

Wiki hii mkulima mmoja wa nyanya hapa Lushoto kaniletea baiskeli ya umeme ya mtumba kutoka Ulaya. Kwenye mota pameandikwa 250 W na 25 km/h. Akaniuliza, "Afisa, fundi anasema ataifungua ikimbie 45. Nimruhusu?"

Nikamwambia asubiri. Namba zile ni kikomo cha sheria ya Umoja wa Ulaya: mota isizidi wati 250 za kazi mfululizo, isaidie pale tu unapokanyaga pedali, na ikate ukifika kilomita 25 kwa saa. Ukizidisha, kule inahesabika pikipiki ndogo, yenye usajili, bima na helmeti. Marekani wanaruhusu mota isiyofika wati 750, na mwendo wa mota peke yake usiofika kilomita 32. Yaani breki na nyaya za hii ya kwetu zilitengenezwa kwa kikomo cha 25.

Sasa hesabu ya shamba. Wewe kilo 65, baiskeli 25, kreti mbili za nyanya 60: jumla 150. Mlima unaopanda mita 6 kila mita 100, kwa kilomita 10 kwa saa, unataka kama wati 285. Mota inatoa 250, miguu inamalizia. Nguvu ipo! Kinachokwamisha ni keria. Nilipoifuta vumbi, imegongwa muhuri wa kilo 25. Kreti mbili hapo ni kuvunja keria barabarani.

Halafu fikiria kushuka Mombo, makona yale mnayajua. Ukitoka 25 kwenda 45, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka zaidi ya mara tatu, na pedi zikichemka hazishiki tena.

Kufungua pia kunavuta umeme mwingi kutoka kwenye betri, na nyaya zinapata moto. Betri ya lithiamu ikiwaka ndani ya ghala lenye majani makavu, mchezo umeisha. Ichaji kwa chaja yake, ukiwa macho, mbali na mlango mnaopitia. Ikivimba, achana nayo.

Kijana hajaifungua. Kesho tunabadilisha pedi za breki, kisha atajaribu na kreti moja isiyojaa.