SOMO: MWIZI AINGIAYE KWA RUHUSA



Somo letu la leo lahusu wizi usiovunja mlango wala dirisha. Naliandika mimi mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu, niliyewasahihishia wengine mitihani miaka mingi, na mtihani huu nikashindwa.

Mwaka jana nilitafuta programu ya simu ya kusomea hati. Tangazo lilisema ni bure kwa siku tatu. Niliombwa namba za kadi yangu ya benki, eti kwa uthibitisho tu, nikaziandika. Kesho yake niliona hainifai, nikaifuta, nikasahau. Baada ya majuma manane nilikwenda benki hapa Sumbawanga kuchukua fedha za mbolea, nikakuta hazitoshi. Karani alinionyesha kwamba kila juma zimekatwa shilingi 18,000. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kuifuta programu si kuifuta ruhusa." Akanishauri kadi ifungwe. Kwa aibu nilisema nitarudi, nikanyamaza hata kwa mke wangu. Majuma matatu ya kunyamaza yalinigharimu shilingi 54,000 zaidi.

Sasa tuangalie jinsi wizi huu unavyofanyika.

1. Kadi. Kadi ya benki ina namba, kwa kawaida tarakimu 16, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyuma yake mna tarakimu 3. Aliye nazo zote aweza kujaribu kununua vitu bila kuishika kadi yenyewe.

2. Ruhusa ya kusoma ujumbe. Mara nyingi benki hututumia kwa ujumbe namba ya siri ya kutumika mara moja. Programu uliyoiruhusu kusoma ujumbe wako yaweza kuiona namba hiyo kabla yako.

3. Mikopo ya haraka. Baadhi ya programu hizo huchukua majina yote yaliyomo katika simu. Ukichelewa kulipa, ndugu na majirani hutumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Je, tufanye nini? Jambo linaloitwa bure lisipewe namba za kadi. Programu isipakuliwe kutoka katika kiungo ulichotumiwa na usiyemjua. Ukiona fedha zimekatwa, nenda benki siku hiyo hiyo, kadi ifungwe. Na malipo ya kujirudia yasimamishwe kabla ya kuifuta programu. Ujumbe wa matapeli upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Zaidi ya yote, sema. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Lakini somo halijaisha, maana liko jambo zito zaidi. Taarifa za TCRA za mwaka 2024 ziliutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Basi huenda anayemwandikia mjane wa Tanga au Mwanza, "Ile hela tuma kwa namba hii," amekaa hapa hapa Ufipa. Huenda nilimfundisha mwalimu aliyemfundisha kuandika. Kijana huyo ana mama, na mama huyo huletewa sukari na kitenge. Hauliza, kwa kuwa kijana halimi, hafanyi biashara, wala hana ajira, naye anaogopa jibu. Huku nako ni kunyamaza. Aibu yangu ilimlinda mwizi mmoja nisiyemjua. Ukimya wa nyumba zetu waweza kuwalinda wengi tunaowajua kwa majina.

Msimu wa kuuza mahindi ukifika, fedha za jasho la mwaka mzima huingia katika simu zetu. Tuzilinde, na tuzilinde za wengine pia.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini aliyeibiwa huona aibu kuliko aliyeiba?

2. Mzazi akiletewa fedha asizozijua chanzo chake, aulize vipi bila kumpoteza mtoto?

3. Ni nani katika mtaa wako hawezi kusoma maandishi ya simu yake? Nani atamsaidia juma hili?