Kwa Nini Chungu Hupasuka Motoni?

Somo letu la leo ni ufinyanzi. Hapa Kingolwira mtu hanunui udongo. Gharama ya mfinyanzi ni siku zake na kuni zake. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulipanga vyungu tisa motoni. Tukasikia pa! pa! Vilivyotoka vizima ni vinne tu. Kazi ya wiki nzima imekuwa vigae, na kuni zimekwisha. Tukalaumu moto. Kumbe kosa tulilifanya siku nyingi kabla ya kuwasha moto huo.

Adui ni maji. Yakifika nyuzi 100 za joto maji hugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa. Mmeona jinsi unavyorusha kifuniko cha sufuria. Sasa ukifungiwa ndani ya ukuta wa chungu utapita wapi? Utauvunja.

Haya, tuanze na udongo wenyewe. Chukua kidogo, uviringe uwe kamba nene kama penseli, halafu uzungushe kidoleni. Ukikatika, haunati vya kutosha, tafuta mwingine. Ukigandamana mno na mkono, huo nao utapata nyufa wakati wa kukauka. Uchanganye na mchanga laini, au vigae vya zamani vilivyotwangwa. Jaribu kwanza vipimo vitatu vya udongo kwa kimoja cha mchanga. Kisha toa mawe na mizizi, ukande sana mpaka hewa itoke.

Kazi hii si ngeni mkoani kwetu. Kule Dakawa wataalamu wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu pamoja na mabaki ya kazi ya chuma, vya zaidi ya miaka 1,000.

Kufinyanga ni kupandisha ukuta kidogo kidogo, kamba ya udongo juu ya kamba, huku ukiziunganisha kwa vidole vyenye maji. Ukuta uwe na unene mmoja. Sawazisha kwa gunzi la mhindi au kigae. Chungu kikianza kukauka, kisugue kwa kokoto laini ya mtoni.

Sasa hapa ndipo tulipokosea. Tulianika juani siku mbili. Nje pakakauka, ndani bado pabichi. Mama mmoja mfinyanzi alitucheka, akauliza, "Mliviweka shavuni?" Chungu kikiwa cha baridi shavuni, bado kina maji. Basi anika kivulini wiki moja au zaidi. Siku ya kuchoma, kipashe kwanza kwa moto mdogo, ndipo uongeze kuni. Joto likipita nyuzi 600 hivi, udongo haurudi tena kuwa tope.

Na sanamu je? Jirani zetu Wakwere na Wazaramo huchonga mwana hiti kwa mti. Mchongaji anapunguza, mfinyanzi anaongeza. Lakini sanamu ya udongo ikiwa nene kuliko kidole gumba, ikombe ndani na uiachie tundu dogo, la sivyo italipuka vilevile.

Chungu kikipoa, kigonge kwa kidole. Kikilia vizuri ni kizima. Cha kupikia, chemsha kwanza uji mzito ndani yake ili vinyweleo vizibe. Mtungi wa maji usiuzibe: maji yanayopenya na kukauka nje ndiyo yanayoyapoza yaliyomo ndani.